Mkuu wa Kaya

Ijumaa, 2 Septemba 1994

Nimenunua daftari hili niandike mambo ya ujenzi tu: fundi kaja, fundi hakuja, tofali ngapi zimevunjika. Mambo ya moyoni sitaki kuyaandika. Nina miaka arobaini na tatu na darasa la watoto sitini na nane, moyo wenyewe sina nafasi nao.

Leo mtaa mzima tuliitwa mkutanoni nyuma ya soko. Erasto, karani wa ofisi ya ardhi, kijana mwembamba anayezungumza kama anasoma hata asiposoma, alitutangazia sheria mpya za katikati ya mji. Kwa miaka ishirini tumeambiwa: kiwanja kimoja, nyumba moja, familia moja. Marufuku kupangisha. Na ukijenga upya iwe tofali za saruji, la sivyo usijenge. Nani mwenye saruji hapa Newala? Basi hatukujenga, nyumba ya Mama ya udongo ikawa inainama mwaka hadi mwaka, na manesi na walimu wanaohamishiwa hapa wanazunguka na mabegi wakitafuta chumba.

Sasa wamebadilisha. Ruksa kujenga vyumba vya kupangisha, mpaka vinane kwa kiwanja. Ruksa tofali za udongo wetu huu mwekundu zenye saruji kidogo, zinazofyatuliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini, hakuna kuchoma, hakuna kumaliza miti kwa kuni. Ila kila nyumba iwe na mifereji na birika la kuvunia mvua, kwa sababu huku juu maji ya bomba yanakuja yakipenda. Kila mwenye kiwanja ajaze fomu, na msingi uonekane kabla ya mvua za Desemba. Asiyejenga, kiwanja chake kinagawiwa upya.

Mama, Bibi Josephina wa watu, aliuliza kitu kimoja tu: "Na udongo wameuruhusu?"

"Wameuruhusu, Mama."

"Miaka yote hiyo walikuwa wanautukana." Akacheka peke yake mpaka nyumbani.

Jumapili, 4 Septemba

Baada ya ibada sikupumzika. Wanawake wa mtaa walijaa barazani kwetu, kila mmoja na fomu yake. Mwandiko wangu unajulikana, na mimi napenda kusifiwa, nikakaa na kalamu mpaka shingo ikauma. Fomu kumi na tano, na yetu ikiwemo.

Mstari wa kwanza: Jina la mkuu wa kaya. Nikawa nauliza kila mmoja, "Mumeo jina lake kamili?" Ndivyo ninavyojaza rejista shuleni, jina la baba linatangulia hata kama baba mwenyewe hajaonekana tangu mtoto hajaota meno. Esther, tuliyebatizwa naye siku moja, alitaja jina la mumewe Dastani kwa haraka, ana ugali motoni. Lakini Kibibi, jirani wa mlango wa pili, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mkuu wa kaya? Mume wangu? Mwalimu, yule hata kuku wangu hawamjui! Kaja hapa na begi na baiskeli, na baiskeli yenyewe kashaiuza."

Ni kweli, kwetu mwanamume akioa anahamia kwa mke. Nyumba ni ya mke na mama yake na dada zake. Lakini fomu haikuwa na mstari wa kuelezea yote hayo, na jua lilikuwa linazama. Nikamwambia, "Kibibi, wanataka mkuu wa kaya, usinicheleweshe." Nikaandika mumewe.

Kwenye fomu yetu nikaandika Cecil, mume wangu. Alikuja kuitazama. Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika hadi wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia na ghala likafungwa. Tangu hapo yuko nyumbani, kalamu mbili bado anazichomeka mfukoni kila asubuhi. Aliangalia jina lake muda mrefu, akaniomba nikoleze herufi ya kwanza.

Ijumaa, 9 Septemba

Upepo na vumbi. Darasa la saba wanafanya mtihani wiki hii. Fundi hakuja.

Jumamosi, 17 Septemba

Fundi Jafari amekuja na mashine ya kufyatulia. Akaanza kuchota udongo wa juu. Mama akamzuia. Alichimba mwenyewe mpaka kiunoni, kwa umri ule, akatoa udongo wa chini, akaufinyanga donge, akalinyanyua hadi usawa wa bega na kuliachia lidondoke. Likapasuka vipande vitatu vinne. "Huu ndio," akasema. "Ukisambaratika wote una mchanga mwingi, ukibaki donge una mfinyanzi mwingi."

Jafari akanitazama. "Mwalimu, mimi nilisomeshwa hayo wiki mbili Masasi na wataalamu wenye gari."

"Mwenzio alisomeshwa na mama yake," nikamwambia, "na hakupewa posho."

Tofali sitini, nne zimevunjika. Niko radhi na dunia leo.

Jumamosi, 24 Septemba

Kaja Stefano kutoka Masasi na pikapu nyeupe. Ni mtoto wa dada yake Cecil, ananunua korosho kwa niaba ya kampuni fulani. Kijana mwenye adabu: "Shikamoo, Mama Stella," akaniinamia vizuri kabisa, akamletea Mama sukari na kumsalimia kwa mbali inavyotakiwa upande wa wakwe. Alizunguka kiwanja na mjomba wake, akapiga tofali teke dogo, akasema, "Mjomba, jenga. Mabati usiwaze, mimi nipo."

Nimempenda. Naandika hivyo ili nisije kujidanganya baadaye.

Jumamosi, 1 Oktoba

Barua za toleo, za kupewa viwanja, zimetoka, zimepigwa taipu, zina muhuri. Cecil ameichukua yetu ofisini mwenyewe, amevaa shati la Pasaka. Jioni akamwambia Jafari, "Hapa kwenye kiwanja changu birika likae upande wa kaskazini."

Kiwanja changu! Nikacheka. Jafari naye akacheka. Cecil hakucheka.

Jumamosi, 8 Oktoba

Joto. Korosho zimeanza kudondoka, watoto nusu hawapo darasani. Msingi umefika mwisho wa chumba cha tatu. Nesi Ziada, aliyehamishiwa hapa toka Tandahimba, ameshachagua chumba ambacho hakina hata ukuta.

Ijumaa, 14 Oktoba

Dastani, mume wa Esther, alianguka jana shambani, hakuamka. Tumemzika leo. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kugombana na yeyote.

Jumatatu, 17 Oktoba

Haya si ya ujenzi, lakini nitaandika.

Leo tulikuwa kwa Esther kuondoa matanga. Wanawake tumekaa chini, mikeka haijakunjwa, sufuria za uji bado zina masizi. Wakaja wapwa wa marehemu wawili. Walitoa pole vizuri, wakala, wakanawa mikono. Kisha yule mkubwa akasema, "Mama, tunaomba barua ya toleo."

Esther hakuelewa. "Barua gani?"

"Ya kiwanja. Imeandikwa jina la mjomba. Mjomba hayupo. Cha mjomba kinaenda kwa nani?"

Kila mtu pale alijua jibu. Mali ya mwanamume kwetu haiendi kwa mkewe wala kwa watoto wake. Inakwenda kwa watoto wa dada yake. Ndiyo mila, na haijawahi kumuumiza mwanamke yeyote wa mtaa huu, kwa kuwa mwanamume alikuwa hana nyumba. Alikuwa na jembe, redio, suti ya kuolea, bunduki ya gobore labda. Wapwa walikuwa wanakuja, wanabeba redio, wanakwenda zao.

"Nyumba hii kaijenga mama yangu!" Esther akapiga kelele. "Amezikwa hapo nyuma!"

"Karatasi haisemi hivyo, Mama," yule kijana akajibu, na haki ya Mungu alikuwa anaona haya. Mdogo wake hakuwa na haya. Alitoa mfukoni kufuli jipya, bado liko kwenye nailoni yake, akalichana kwa meno mbele ya mjane.

Nilisimama. Nikawatukana. Mimi mwalimu, mjumbe wa umoja wa wanawake kanisani, niliwatukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Nikawaambia ni wezi, ni fisi, waonyeshe nani aliyempa Dastani nyumba hii.

Yule mkubwa akafungua karatasi, nakala ya ile fomu, akanipa. Kalamu ya bluu. Herufi zimenyooka, mkia wa herufi y umekunjwa vizuri ninavyowafundisha watoto. Jina la mkuu wa kaya: Dastani.

Mwandiko wangu mwenyewe.

Niliketi chini. Esther hakunitazama. Natamani angenipiga.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimekwenda kumwona Erasto. Sikumsalimia.

"Hivi ninyi mna akili gani? Mnatunga fomu huko mnakotunga, mkuu wa kaya, mkuu wa kaya! Hamjui watu wa huku wanaishi vipi? Mlishindwa kuuliza nyumba ni ya nani?"

Akaniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Nijibu."

"Mimi ni mtu wa Mnyambe, hapahapa Newala. Nyumba ya kwetu ni ya mama yangu. Fomu zilikuja kutoka juu zikiwa zimeshachapwa. Niliwaza, watu watamwandika mwenye nyumba, maana wanamjua. Haikusemwa mume. Zikarudi kumi na tano kwa mwandiko mmoja, majina ya wanaume tu. Nikasema, ikiwa Mwalimu ameandika hivyo, ndivyo mtaa ulivyoamua."

Nilitaka kumrushia wino. Nilitaka awe mwovu, ningeweza kwenda nyumbani nikiwa na mtu wa kumchukia. Hakuwa mwovu. Alinitegemea, basi.

Akanieleza: kamati ya viwanja inakaa Ijumaa tarehe mbili Desemba kuthibitisha majina. Kabla ya hapo, mwanamume aliyeandikwa akisaini mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba kiwanja si chake, jina litabadilishwa.

"Na Dastani?"

"Maiti hasaini, Mwalimu."

Jumapili, 23 Oktoba

Baada ya ibada nikasimama mbele ya wanawake wote, Wakristo na Waislamu, barazani palepale nilipojazia fomu, nikakiri. Nilisema: niliandika kwa mazoea, sikuuliza, nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikawaeleza kuhusu saini.

Walinichamba. Mmoja akasema mshahara wa serikali umeniharibu kichwa. Mwingine akasema afadhali angejaziwa na mtoto wa darasa la nne. Yote yalikuwa haki yangu. Kibibi peke yake hakunichamba. Aliondoka, akarudi na mumewe amemshika mkono wa shati.

"Saini hapo."

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Umemiliki nyumba. Saini uache."

Akasaini huku anacheka. Wamebaki kumi na watatu. Cecil alikuwa dirishani anasikia yote.

Ijumaa, 28 Oktoba

Saini tatu nyingine. Joto halisemeki. Cecil amenuna.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimempa Cecil karatasi ya kusaini akiwa amekula, ametulia. Nimeiweka mezani, na kalamu juu yake.

"Nitaisoma," akasema.

"Ni mistari minne, Cecil."

"Nimesema nitaisoma."

Jumatatu, 7 Novemba

Saini tano zaidi. Mzee mmoja alikataa hadi mkewe alipoacha kumpikia siku mbili. Nimeandika kwa kaka yangu Edmund kule Nanganga aje, yeye ndiye mjomba wa watoto na msemaji wa nyumba hii. Cecil hajaisoma.

Jumapili, 13 Novemba

Edmund amejibu. Korosho zimembana, atakuja baada ya msimu, tusubiri kwa subira. Kumbe mjomba ni mjomba wa kula harusi tu! Nimeichana barua.

Jumanne, 15 Novemba

Nimerudi shuleni nikamkuta Stefano na kamba ya kupimia. Anapima nyumba ya Mama. Si vyumba vipya: nyumba. Mama ameketi kizingitini na kamba inapita mbele ya miguu yake, anachambua mchicha.

"Unapima nini?"

"Shikamoo, Mama Stella. Ghala. Mjomba kasema nyumba hii ya udongo ikitoka, hapa ghala la korosho linakaa vizuri, lori linaingia mpaka mlangoni."

"Sheria mpya ni ya vyumba vya kupangisha. Si ya maghala."

"Vyumba vipo, hivyo vya nyuma. Mbele ghala. Hilo litazungumzika." Akatabasamu vilevile kama mara ya kwanza. "Mama Stella, mimi sikuibii. Cha mjomba ni changu kesho, na wewe unajua. Naanza leo tu nikiwa na nguvu."

Nilichukua kamba ile nikaikata kwa panga la kufyekea. Vipande viwili, vinne, vinane. Stefano akarudi nyuma mpaka kwenye pikapu. Cecil akatoka nje anapayuka kwamba namwaibisha mbele ya mpwa wake.

"Mbele ya mpwa wako? Na mama yangu je, pale anapopitishiwa kamba miguuni kama mbuzi?"

Ndipo akasema. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kumsikia akisema mfululizo hivyo. Akasema amelala kwenye nyumba ya watu tangu amenioa. Akitaka kupigilia msumari anaomba. Ghala la ushirika lilikuwa na meza yenye jina lake, wakaja watu wa soko huria wakaipakia meza kwenye lori. Jina lake halipo kokote duniani isipokuwa kwenye barua ile moja. "Na wewe uliliandika mwenyewe, Regina. Kwa mkono wako. Sasa unataka nilifute kwa mkono wangu?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, nilimwelewa kabisa, na kumwelewa kukanizidishia hasira. Angeniomba meza ningemchongea. Angetaka jina lake kwenye mlango wa chumba kimojawapo ningeliandika kwa rangi. Lakini amekwenda kumpa Stefano paa la mama yangu ili aitwe mwenye mali.

Jumamosi, 19 Novemba

Saini za wenzangu zote zimekamilika. Kumi na tatu. Wanawake wamekuja kunishukuru, wameniletea mihogo na kuku. Ya Cecil haipo. Mimi ndiye niliyebaki, niliyejaza za wenzangu zote. Nikasema asanteni, nikaingia ndani nikalia kwa ghadhabu.

Jumatano, 23 Novemba

Esther amehamia kwetu na watoto wake watatu, wapo chumba cha Mama. Shauri lake liko mahakama ya mwanzo, limeahirishwa. Kufuli bado liko mlangoni kwake. Anapika nasi, anazungumza nami maneno ya chumvi na maji tu.

Jumapili, 27 Novemba

Nimeomba mchungaji azungumze na Cecil. Amezungumza naye saa nzima, akatoka akaniambia mke amtii mumewe. Sikumkaribisha chai.

Mawingu mazito upande wa Ruvuma, lakini hayashuki.

Alhamisi, 1 Desemba

Kesho kamati inakaa. Asubuhi nilimsihi. Mchana nilimsihi. Nilimwambia, "Ukifa leo, Mama analala wapi?" Akasema hafi leo. Saa tisa akawa anajiandaa kwenda Masasi na Stefano, pikapu inanguruma nje, akae huko hadi kamati imalize kazi yake. Alikuwa barazani anavaa viatu.

Mama akatoka ndani.

Lazima nieleze, maana binti yangu Stella akisoma daftari hili siku moja huenda zama zitakuwa zimeharibika asielewe. Mkwe na mama mkwe kwetu hawasemezani. Miaka kumi na tisa Mama hajamtaja Cecil kwa jina, hajakaa naye mkeka mmoja, hajamtazama usoni. Akitaka jambo anaambiwa mtoto, au unaambiwa ukuta: "Kuna mtu angetufungia banda la kuku." Na Cecil naye akimwona Mama njiani anashuka pembeni, anavua kofia, anatazama chini hadi apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Hiyo ndiyo inayomfanya mkwe awe mkwe.

Mama akaenda moja kwa moja mpaka mbele yake. Akasimama karibu, ningeweza kuwagusa wote wawili.

"Cecil," akasema.

Kiatu cha pili kikamponyoka mkononi. Kibibi aliyekuwa uani kwake akasema "Yesu!" na yeye ni Mwislamu.

"Cecil, nasema nawe mimi Josephina. Nitazame."

Hakuweza. Akawa anatazama huku na huku, hana pa kuweka macho.

"Nitazame. Ukuta huu niliukanda na mama yangu, nikiwa na mimba ya mkeo. Ulipokuja nilikupa chumba. Hukuombwa hata tofali. Ulipokosa kazi sikuuliza unakula nini, nilipakua. Sasa nakuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote apitaye njiani. Nyumba hii ni ya nani?"

"Mama…" akasema.

"Usiniite mama. Nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi andika."

Mimi nilikuwa nimeshaleta karatasi, sijui miguu yangu ilinileta saa ngapi. Kalamu aliitoa mfukoni mwake mwenyewe. Akasaini amesimama, karatasi kaiweka kwenye ukuta, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kibibi akasaini shahidi, Jafari akasaini shahidi, mikono yake ina udongo.

Mama akageuka akaingia ndani. Na sisi wote pale tulifahamu alichokifanya, Cecil alifahamu kabla yangu: mtu anayesemezwa na mama mkwe uso kwa uso si mkwe tena. Ni mtu tu.

Akabaki barazani na karatasi imeshatoka mkononi mwake. Hakuna aliyemwambia kaa. Baadaye Stefano alipiga honi, akaenda.

Ijumaa, 2 Desemba

Nilimpelekea Erasto karatasi saa mbili kamili. Akaniletea fomu mpya. "Andika, Mwalimu."

Nikaandika Josephina, nikamwuliza Erasto kwa sauti kama nimekosea mahali popote. Akasema hapana. Kamati imethibitisha viwanja kumi na vinne kwa majina ya wanawake. Cha Esther kimeahirishwa. Nilimwambia mwenyekiti wao kwamba hiyo ni aibu yao na aibu yangu, na kwamba yangu nimeshaibeba mbele ya mtaa mzima, sasa nawangojea wao. Akaandika kitu. Sijui kama alikuwa anaandika au anachora.

Jumamosi, 3 Desemba

Ukuta wa chumba cha pili na cha tatu umefika kwenye linta, juu ya milango. Tofali tatu zimevunjika. Siongei na mtu.

Jumanne, 6 Desemba

Mvua. Imeanza saa kumi alasiri, kubwa, ya upepo. Tulikimbia na maturubai kufunika tofali, mimi, Esther, Nesi Ziada, hata Mama na mkeka wake. Esther alishika upande wa pili wa turubai langu, akanipigia kelele nivute, nikavuta. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kunisemeza kwa hasira tangu msiba, nimefurahi.

Tulipomaliza, tumelowa chapachapa, tumesimama ndani tunakamua khanga. Nikasikia sauti barazani.

"Hodi."

Miaka kumi na tisa sijamsikia Cecil akipiga hodi mlangoni hapa. Nilikwenda. Alikuwa amesimama nje ya paa, mvua inamteremkia, begi mkononi. Kumbe ghala la Stefano kule Masasi halina nafasi ya mjomba asiye na kiwanja. Hakunieleza, lakini ningeshindwaje kujua? Alitazama miguu yake.

"Hodi," akarudia, polepole.

Nilimhurumia. Nitaandika na hilo, kwa kuwa ni kweli: mkono wangu ulikuwa tayari umeshika komeo. Na hasira zangu zote zilikuwa palepale, hazijapungua hata kidogo.

"Ngoja hapo," nikamwambia. "Nikamuulize mwenye nyumba."